Jibu la Alima Peke Yake

Vigelegele vilimpokea Alima kabla hajafika uani. Mama yake mdogo, Bi Zainabo, alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, kitambaa kipya cha kapulana kiunoni, anapiga vigelegele mpaka jirani wa upande wa pili akaitikia bila kujua habari yenyewe. Jogoo alikuwa ameshaingia chunguni. Harufu ya nazi ilijaa njia nzima.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umetutoa kifungoni. Njoo ukae, usishike kitu leo. Leo wewe ni mgeni wetu."

Alima akatua mfuko wake, akakaa ukingoni mwa baraza. Miguu ilikuwa imevimba kwa safari ya kutoka Pemba ya Msumbiji, na vumbi la njiani lilikuwa bado linamkwaruza kooni. Kabla hajaletewa maji ya kunywa, mama yake alilalamika kutoka ndani, ile sauti anayoitoa akiwa amejilowesha. Bi Zainabo akautazama mlango wa chumba, akamtazama Alima.

"Anakutaka wewe," alisema. "Mimi nina chungu motoni."

Alima akainuka, akaingia ndani.

Bi Somoe, mama yake, alikuwa amekaa kwenye mkeka anasuka ukili. Zamani wanawake walikuwa wanatoka Palma kuja kijijini hapa Kionga kuagiza mikeka yake. Siku hizi vidole vilisuka tu, utepe mmoja mrefu usiounganishwa na mwingine, ukizunguka chumba na kupita chini ya kitanda. Alima alimbadilisha nguo, akamfuta, akamvalisha. Mama alimwangalia usoni kwa adabu, kama unavyomwangalia mtu aliyekusaidia kubeba mzigo sokoni.

"Ahsante, mama," alisema Bi Somoe.

"Haya, mama," alijibu Alima.

Ugonjwa ulianza wakati walipokuwa wamekimbia vita, wanalala kwa watu. Bi Somoe alikuwa hajafika hata miaka hamsini. Alipopotea njia ya kisima walisema ni hofu. Alipoweka mafiga kitandani na kuyafunika shuka walisema ni uchungu wa nyumba iliyochomwa. Walirudi Kionga, wakajenga upya, na hofu ikawatoka watu wengine polepole, ila yeye alizidi kwenda. Hapo ndipo wazee walipokumbuka kwamba bibi yao, mama yake Bi Somoe, naye alianza hivyo hivyo, kabla hata ya mvi, wakati wa amani, akiwa kwake.

Alima ndiye aliyempeleka mama hospitali Pemba. Daktari mmoja alisikiliza habari za bibi na za mama bila haraka, akaomba damu ya Bi Somoe ipelekwe Ureno. Jibu lilikawia sana, na lilipokuja lilikuwa zito. Ni ugonjwa wa kusahau, daktari alisema, wa ile aina adimu inayorithiwa na inayoanza mapema. Dawa ya kuuondoa hakuna. Watoto wake wakitaka, wao nao wanaweza kupimwa. Wasipotaka, hakuna wa kuwalazimisha.

Watoto walikuwa wawili, Alima na mdogo wake Fauzi.

Huenda jambo hilo lingekaa hapo hapo, likafunikwa kama mambo mengine, lakini Fauzi alikuwa amechumbia msichana wa kijiji cha Olumbi. Wakwe walisikia kwamba katika nyumba ile watu hupotewa na akili wakiwa bado vijana. Wakamtuma mshenga, Bachir, aje aulize taratibu. Alima, Fauzi na Bi Zainabo wakafanya kikao cha nyumbani, watu watatu tu, Bi Somoe akiwa pembeni na ukili wake.

"Aende dada," Fauzi alisema. "Yeye amesoma, anakijua Kireno, wale watu anawajulia. Sisi tumetoka tumbo moja, tumenyonya ziwa moja. Kuchomwa sindano wawili kwa damu hiyo hiyo moja ni kazi bure."

"Ndiyo," alisema Bi Zainabo. "Mimi nikitaka kujua kama mchuzi umekolea chumvi, naonja kijiko kimoja. Sinywi chungu kizima."

Alima alijua kwamba hapo pana kosa. Alisoma chuo cha ualimu Pemba, na somo la vinasaba lilikuwemo. Lakini alikuwa mtu wa sauti ndogo, na alishazoea kutumwa. Karatasi za utambulisho zilipoungua vitani, alitumwa yeye kwenda kuzifuatilia. Chakula cha msaada kilipogawiwa, alisimama foleni yeye. Msiba ukitokea mbali, alikwenda kulia yeye kwa niaba ya wote. Akasema nitakwenda, na ndani ya moyo wake akasema nitawaeleza nikirudi.

Kule Pemba alikutana na muuguzi, enfermeira Celeste, mwanamke mfupi, mnene kidogo, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Celeste hakutoa sindano. Alimkalisha, akazungumza naye, akamrudisha nyumbani akafikiri, akamwita tena.

"Mana Alima, dada yangu, nani anataka kujua?"

"Nyumbani."

"Nyumbani hapana mkono. Mimi nitachoma wako."

Akachukua kikombe, akatia punje mbili za maharage, moja nzima na moja iliyotobolewa na mdudu. "Mama yako anazo mbili hivi," alisema. "Kila mtoto huchota moja bila kutazama. Wewe ulichota. Kisha zikarudi zote mbili kikombeni, na Fauzi naye akachota. Mkono wako hauwezi kuniambia yeye alishika ipi."

Alima aliziangalia zile punje kwa muda mrefu, kisha akasema anataka kujua. Alishangaa kujisikia akisema hivyo. Ilikuwa mara ya kwanza kutaka kitu ambacho hakuagizwa.

Safari hii ya mwisho ilikuwa ya kulichukua jibu. Celeste alifunga mlango, akakaa karibu naye, wala hakumzungusha. Punje yako ni nzima, mana Alima. Alima alingoja furaha imjie na haikuja. Kilichomjia ni ndoo. Alijiona anateka maji ya kumwogesha mama, na mama akishaondoka, anateka ya mwingine, na baada yake mwingine tena, kwa sababu yeye ndiye atakayebaki na akili timamu.

"Na Fauzi?" aliuliza.

"Fauzi hajafungua mkono. Asipotaka kuufungua, usimlazimishe, hiyo ni haki yake. Lakini usimwachie aazime wako."

Alipotoka nje alimpigia Fauzi simu. Alisema, "Mimi sina." Fauzi akamwambia mama mdogo, "Hatuna." Habari ikafika Kionga kabla yake.

Walikula wali wa nazi na yule jogoo. Bachir mshenga alikuwa amefika mapema, kwani alikuwa na kipaji cha kufika wakati sufuria inateremshwa. Alikula, akalamba vidole, akamtazama Alima.

"Mwalimu, nasikia damu yako imepigwa muhuri wa serikali. Sasa na wewe tukutafutie mume. Mimi mwenyewe nimebakiza nafasi moja."

"Nafasi ya kuoshewa vyombo," alisema Bi Zainabo. "Wake zako wawili wamechoka nawe, unataka kumchosha na huyu?"

"Huyu amesoma, atachoka kwa Kireno."

Wakacheka. Fauzi alicheka mpaka akapaliwa. Alikuwa kijana mzuri, fundi wa kuezeka, mabega mapana, na tangu mambo ya wakwe yaanze alikuwa hajacheka hivyo. Alima aliona vibaya kumkatiza. Akangoja kicheko kiishe.

"Lakini jibu nililopewa ni langu," alisema. "Ni la kwangu peke yangu. Kule walisema kila mtu..."

"Msikieni," alisema Bi Zainabo. "Hata kheri anaionea haya. Kula, mwanangu."

"Mama mdogo, kila mtoto huchota yake. Hata wewe na mama..."

Hapo Bi Zainabo akanyanyuka. Alizoa mabakuli ambayo watu walikuwa bado hawajamaliza, akaenda nayo nyuma ya nyumba, na wakasikia anayasugua kwa mchanga kwa nguvu. Alima akayaacha maneno yake hapo hapo. Ndipo alipofahamu. Mama mdogo alikuwa binti wa yule yule bibi. Miaka yote aliyokuwa akisema ni vita, ni hofu, ni macho ya watu, alikuwa anajitafutia pa kujifichia. Jibu la Alima lilikuwa maficho mapya, yenye bati na mlango. Nani angetaka kumtoa humo?

Bachir akasema wakwe watakuja wiki ijayo kumwona mgonjwa na kutaja siku ya harusi.

Kesho yake Alima alimfuata Fauzi kule alikokuwa anajenga nyumba ya kuolea, kando ya minazi. Alikuwa juu ya kenchi, misumari mdomoni.

"Fauzi, shuka kidogo."

"Sema tu, nasikia."

Akamweleza habari ya kikombe na zile punje. Fauzi aliendelea kupiga misumari. Alipomaliza ile aliyokuwa nayo alishuka, akakaa juu ya tofali, akajifuta jasho kwa fulana.

"Kwa hiyo mimi naweza kuwa nao."

"Unaweza kuwa nao, na unaweza usiwe nao. Nusu kwa nusu."

"Na dawa hakuna."

"Hakuna."

"Sasa nikajue kwa faida gani, dada? Nikae hapa nahesabu misumari niliyosahau?" Alisema taratibu, bila hasira, na hilo lilimuumiza Alima zaidi. "Kuna siku nasahau nyundo nyuma ya nyumba, natetemeka siku nzima. Wewe umeniletea neno likanilaza usingizi. Niachie."

"Sikwambii upimwe. Nasema usiwaambie wakwe kwamba umepimwa."

"Sijawaambia hivyo. Nimewaambia nyumba imepimwa. Wewe nyamaza tu. Kunyamaza si uongo."

Alima alikuwa na majibu, na aliyajua vizuri, lakini mama alikuwa peke yake nyumbani na jua lilikuwa limepanda. Alikuwa amechoka, ile ya kuchoka mpaka mtu anakubali jambo ili apate kuondoka. Akasema haya, akaondoka.

Wakwe walipokuja, walikuja na mchumba mwenyewe, Zubaida, jambo ambalo wazee wengine hawalipendi. Alikuwa msichana mwembamba, msemaji, anayeuza vitambaa na mama yake pale Olumbi. Wakubwa walikaa barazani na Bachir. Zubaida hakukaa. Alipita moja kwa moja mpaka chumba cha mgonjwa na kumkuta Alima anahangaika kumgeuza mama.

"Nikushike wapi, wifi?"

"Shika bega. Usimvute, anaogopa."

Wakamgeuza. Wakamwosha mgongo. Bi Somoe aliushika ushungi wa Zubaida, akaukagua pindo kwa kidole kama anayetaka kununua, akatikisa kichwa.

"Amekataa bei," alisema Zubaida, na Alima akacheka, kicheko kilichomtoka bila kutaka. Ni zamani tangu mtu acheke na mama chumbani mle.

Kisha Zubaida akakamua kitambaa, akasema bila kuinua macho, "Wifi, nikuulize kitu. Fauzi nilimuuliza kama amepimwa, akanijibu dada amepimwa. Nikamuuliza tena, akanijibu vilevile. Mtu ukimuuliza kama amekula, akakwambia dada amekula, utaelewa nini?"

Alima aliendelea kumpaka mama mafuta. Aliupaka mkono uliokwisha kupakwa. Barazani Bachir alikuwa anasimulia kitu na watu wanacheka. Aliwaza nyumba ya Fauzi iliyobakia upande mmoja kuezekwa. Aliwaza akisema neno moja itabaki hivyo, na mvua itainyeshea, na kila atakayepita atasema dada yake ndiye aliyeivunja. Na akinyamaza, msichana huyu aliyejua kumshika mgonjwa bega ataingia humu kwa jibu lisilokuwa la mumewe.

"Jibu la Fauzi mimi sina," alisema mwishowe. "Nililonalo ni langu. Mengine muulize yeye."

"Kwa hiyo la kwako halimhusu."

"Halimhusu."

Zubaida akakitundika kitambaa kwenye kamba, akakinyoosha vizuri pembe kwa pembe. "Ahsante kwa kutonidanganya," alisema. Akatoka.

Alima hakusikia walichozungumza. Aliwaona tu kwa dirishani, Zubaida na Fauzi, wamesimama mbali kidogo na watu. Fauzi ameinamisha kichwa, Zubaida anaongea kwa mikono. Mara wakubwa wakaaga. Siku haikutajwa. Bachir aliondoka bila mzaha wowote, na kwa Bachir hilo lilikuwa ni kama kufiwa.

Fauzi akaja mlangoni. Bi Zainabo nyuma yake.

"Umemwambia," alisema Fauzi.

"Nimemwambia habari yangu."

"Dada, ulisema haya. Kule kwenye nyumba ulisema haya."

"Nilisema kwa kuchoka."

"Wewe umeshapata kheri yako," alisema Bi Zainabo. "Umeipata, umeiweka ndani, umefunga mlango. Wenzako tumebaki nje. Ungepungukiwa na nini?"

Alima alikuwa amekaa chini, bakuli la uji mbele yake, kijiko mkononi, kwa maana ilikuwa saa ya mama kula. Akakiweka kijiko bakulini. Alipozungumza hakupaza sauti, ikabidi wote wawili wanyamaze ili wamsikie.

"Mama mdogo, wewe hulazimishwi kujua lolote, na mimi sitalitaja tena mbele yako. Hata enfermeira alisema hivyo. Hiyo ni haki yako, na ya Fauzi pia. Lakini mnaniambia damu yetu moja. Ilipotakiwa sindano, nilichomwa mimi kwa ajili ya wote, kwa kuwa damu ni moja. Mbona ndoo si moja? Mbona shuka za mama si moja? Usiku akiamka anatafuta mlango, mbona anayeamka ni mimi tu? Jibu haliwezi kugawanywa. Lingegawanyika ningewapa, Mungu anajua, ningewapa hata lote. Kazi inagawanyika, na hiyo mmeniachia nzima."

Bi Somoe alisuka, kisha akaacha, akautazama uji, akafungua mdomo kidogo. Ilikuwa desturi Alima akiona hivyo kuinua kijiko kabla hata ya kufikiri. Mkono ulitaka kwenda. Akaukalia.

Uji ulianza kufanya utando juu. Bi Zainabo alitazama ukutani. Nje kuku alipita na vifaranga, wakaingia ndani, wakatoka.

Fauzi akavua viatu. Akaingia, akachuchumaa mbele ya mama yake, akachota uji kijiko kizima, akampelekea mdomoni. Bi Somoe akafunga mdomo na kugeuza uso. Uji ukamwagikia shati jeupe alilovaa kwa ajili ya wakwe.

"Hataki."

"Umejaza mno," alisema Alima. "Chota nusu. Mguse mdomo wa chini kwanza, kisha ungoje. Usimharakishe."

Akamgusa mdomo wa chini. Akangoja. Alingoja muda mrefu, kijiko hewani. Bi Somoe akafungua.

"Kila siku anafanya hivi?"

"Kila siku. Zipo siku haijalishi unavyongoja, hafungui."

Fauzi akachota tena. Safari hii alichota nusu. Baada ya kitambo akasema, bila kugeuka, "Zubaida hajakataa. Amesema nikapimwe au nisipimwe, shauri langu, lakini asisikie tena jina lako katika jibu langu. Amenipa muda." Akangoja mdomo ufunguke. "Sijui kama nitakwenda Pemba, dada. Sikuahidi."

"Sijakuuliza."

Bi Zainabo alikuwa bado mlangoni. Aliangalia mkono wa Fauzi ukienda na kurudi. Kisha akaja polepole, akainama, akaziokota shuka zilizolowa pale pembeni, akazikusanya kifuani bila kujali kapulana yake, akatoka nazo kuelekea kisimani. Hakumtazama Alima.

Alima alijisogeza mpaka kwenye mkeka mwingine, karibu na ukuta wenye ubaridi. Alikuwa anataka kumwambia Fauzi kwamba maji ya kunywa hutolewa mwishoni, na kwa kikombe chenye mkono, na kichwa kiinamishwe mbele kidogo asije akapaliwa. Alimwambia. Fauzi akaitika. Kisha Alima akatafuta jambo jingine lililobaki la kusema, akalikosa, na usingizi ukamchukua hapo hapo mchana kweupe, na kiganja chini ya shavu, wakati mdogo wake anangoja mdomo ufunguke.